Nina miaka 46, mshahara 68,000, Kisumu: hesabu ya kustaafu naianzia wapi?

Nyalenda_B ameuliza:

Wadau, hamjambo. Nimeajiriwa katika kampuni binafsi hapa Kisumu na kanuni zetu ni kustaafu ukifika 60. Mshahara ghafi ni 68,000: basic (mshahara wa msingi) 50,000, nyumba 18,000. Payslip inaonyesha NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) 4,080. Pia kuna mfuko wa pensheni wa kampuni, nakatwa asilimia 5 ya basic na mwajiri anaongeza asilimia 5. Kwa Sacco nina akiba ya 310,000 na mkopo wenye salio la 240,000. Mke wangu ni mwalimu wa TSC (tume ya kuajiri walimu), ana miaka 52, aliandikwa 1998.

Nauliza hivi. Kwa mwendo huu nitafika 60 na kitu cha maana? Pili, kuna fununu za kupunguza wafanyakazi. Nikitolewa, nichukue pesa za pensheni nijenge vyumba vya kupangisha Mamboleo, au niziache? Tatu, mama watoto anasema yeye ana pensheni ya serikali kwa hiyo tusijisumbue. Hesabu yake huendaje?

Karani_wa_Mishahara (Nakuru) amejibu:

Ndugu, kabla ya kuuliza zitakuwa ngapi, hakikisha zipo. Chukua taarifa ya michango ya NSSF kwenye tovuti yao, au nenda ofisini kwao na kitambulisho. Usiangalie jumla ya chini peke yake. Ipitie mwezi kwa mwezi, kalamu mkononi, payslip zako kando.

Unachotakiwa kukiona ni hiki. Kabla ya Februari 2023 kila mwezi uwe na 400, yaani 200 zako na 200 za mwajiri. Sheria ya NSSF ya 2013 ilipoanza kutekelezwa Februari 2023, makato yakawa asilimia 6 kwako na 6 kwa mwajiri, lakini kikomo cha mshahara unaohesabiwa kilianza chini, 18,000. Kwa hiyo mwaka ule mtu wa kiwango chako aliingiziwa 2,160 kwa mwezi, pande zote mbili zikijumlishwa. Februari 2024 kikomo kikapanda hadi 36,000, jumla ikawa 4,320. Februari 2025 kikafika 72,000. Wewe uko chini yake, ndiyo maana 68,000 kwa asilimia 6 ni 4,080, na mwajiri 4,080, jumla 8,160.

Sasa, ukikuta taarifa inaonyesha 960 tu kwa mwezi, usikimbilie kupiga kelele za wizi. Makato ya NSSF yana ngazi mbili. Kwa viwango vya Februari 2025, ngazi ya kwanza ilikuwa asilimia 6 ya shilingi 8,000 za mwanzo, yaani 480, na lazima iende NSSF. Ngazi ya pili, kwako 3,600, mwajiri anaruhusiwa kuipeleka kwenye mfuko mwingine wa pensheni akipata kibali cha RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni. Ikiwa kampuni yenu ilifanya hivyo, NSSF wataonyesha 480 mara mbili na zile 7,200 zitakuwa kwenye taarifa ya mfuko wa kampuni. Zisipokuwa huku wala kule, hapo ndipo pa kuuliza, na uulize kwa maandishi.

Makosa ninayoyaona mara nyingi kwenye faili za watu:

Nambari mbili za NSSF. Mtu alisajiliwa na mwajiri wa kwanza, kadi ikapotea, mwajiri wa pili akamsajili upya. Michango ya miaka sita imelala kwenye nambari ambayo hata haikumbuki. Unapeleka nakala ya kitambulisho na nambari zote mbili, wanaziunganisha. Ni rahisi ukiwa kazini, ni taabu tupu ukiwa umeshafika 60 na mwajiri wa kwanza alishafunga.

Jina. Kitambulisho kinasema majina matatu, NSSF wana mawili, mfuko wa kampuni una herufi moja tofauti. Kompyuta haijui kuwa Wanyonyi na Wanyonyii ni mtu yule yule. Rekebisha sasa, hati ya kiapo ikihitajika upate.

Miezi yenye pengo. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo mwezi mmoja wa nyuma kutoonekana si ajabu. Miezi mitano ni jambo jingine.

Mdhamini_wa_Mfuko amejibu:

Karani amefungua mlango vizuri. Naingia kwenye namba.

Kwa mwezi yanayoingia kwa jina lako ni 8,160 za NSSF na 5,000 za mfuko wa kampuni (2,500 zako, 2,500 zao). Jumla 13,160. Una miezi 168 kufika 60. Tukikisia faida ya asilimia 10 kwa mwaka, na mshahara usisogee kabisa, unapata takriban milioni 4.8 juu ya ulichonacho tayari. Hiyo asilimia 10 ni ya hesabu tu. Mwaka mwingine mfuko hutoa zaidi, mwingine chini sana.

Milioni 4.8 inapendeza mpaka ukumbuke ni shilingi za miaka 14 ijayo. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, uwezo wake wa kununua ni kama milioni 2.1 za leo. Ukila asilimia 8 ya hizo kwa mwaka, ni 14,000 hivi kwa mwezi. Pima mwenyewe kama 14,000 inatosha nyumba yako leo. Mshahara ukipanda na michango itapanda, kwa hiyo huenda ikawa afadhali kuliko hivi, lakini usipange maisha juu ya nyongeza ambayo bosi hajaiandika.

Njia ya bei nafuu ya kuziba pengo ni michango ya hiari kwenye huo huo mfuko wa kampuni. Tangu 27 Desemba 2024 michango ya pensheni hadi 30,000 kwa mwezi, au asilimia 30 ya mshahara ikiwa ndiyo ndogo, haitozwi PAYE (ushuru unaokatwa kwenye mshahara). Zamani kikomo kilikuwa 20,000. Michango yako ya sasa ni 4,080 na 2,500, jumla 6,580. Asilimia 30 ya 68,000 ni 20,400, kwa hiyo una nafasi ya 13,820 ambayo huitumii. Ukiongeza 5,000 kwa mwezi, kwa mshahara wako unatozwa asilimia 30 kwenye shilingi za juu, kwa hiyo ushuru unapungua 1,500. Mfukoni unapoteza 3,500, mfukoni mwa uzee zinaingia 5,000. Kwa miezi 168 na faida ile ile, hizo 5,000 zinakuwa milioni 1.8 na ushei.

Angalizo: lazima HR waipitishe kwenye payroll. Ukitoa pesa kwenye simu yako na kuzipeleka mwenyewe, nafuu ya ushuru haiji yenyewe. Utaidai wakati wa kujaza ritani ukiwa na cheti cha mfuko. Wengi hawaidai, inapotea.

Swali la pili ndilo lenye uzito. Ukitolewa kazini kabla ya 60, huwezi kuzichota zote hata ukitaka. Sehemu ya zile zilizotokana na mwajiri hufungiwa hadi umri wa kustaafu. Zinazoweza kutoka ndizo zinazowatia watu majaribuni. Tuseme ni 600,000. Ukiziacha miaka 14 kwa asilimia 10, bila kuongeza hata thumuni, zinafika milioni 2.28. Ukizitoa leo umeuza hizo milioni 2.28 kwa laki sita. Na ushuru bado: msamaha wa ushuru uliokuja na mabadiliko yale ya Desemba 2024 ni kwa anayefikia umri wa kustaafu kwa kanuni za mfuko, anayestaafu kwa ugonjwa, au aliyekaa kwenye mfuko miaka 20. Wewe ukitolewa ukiwa na 47 hauko kwenye orodha hiyo, isipokuwa miaka yako 20 imetimia. Ukipata kazi nyingine, hamishia salio kwenye mfuko wa mwajiri mpya. Usipopata, kuna mifuko ya mtu binafsi inayosimamiwa na RBA, inapokea salio kutoka mfuko wa kampuni moja kwa moja, pesa haipiti mkononi mwako.

Haja ikiwa ni nyumba ya kuishi, kuna njia ya halali isiyokulazimu kuacha kazi: sheria inaruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya salio lako la pensheni kununua nyumba ya makazi, isizidi milioni 7. Makazi. Vyumba vya kupangisha Mamboleo havimo.

Mwalimu_Hesabu (Kakamega) amejibu:

Nijibu ya tatu. Kwanza ujue mama yuko mpango gani, maana walimu wawili wa darasa moja wanaweza kuwa kwenye mipango miwili. Mfuko mpya wa watumishi wa umma ulianza 1 Januari 2021. Waliokuwa chini ya miaka 45 siku hiyo waliingizwa. Wa 45 na zaidi waliachiwa hiari. Mke wako alikuwa na 47 au 48 hivi, kwa hiyo kama hakujaza fomu ya kuhamia, yuko mpango wa zamani. Payslip yake itasema: aliye kwenye mfuko mpya anakatwa asilimia 7.5 ya basic na serikali inamwekea asilimia 15.

Mpango wa zamani hauna akiba popote, ni fomula. Basic ya mwaka ya mwisho, mara miezi ya utumishi, gawanya kwa 480. Chukulia atastaafu 2033 akiwa na miezi 420 na basic ya 60,000:

720,000 × 420 ÷ 480 = 630,000 kwa mwaka.

Akichagua kuchukua robo kwa mkupuo, robo ni 157,500, inazidishwa kwa 20, anapata 3,150,000. Robo tatu iliyobaki ni 472,500 kwa mwaka, yaani 39,375 kwa mwezi.

Ni pesa nzuri, simnyimi haki yake. Lakini tazama mambo mawili. Fomula inaangalia basic tupu. Marupurupu ya nyumba, ya usafiri na ya mazingira magumu hayamo. Mtu anayepokea 90,000 leo asidhani pensheni inahesabiwa kwa 90,000. Na mwenye pensheni akifariki, wategemezi hulipwa pensheni yake kwa miaka mitano tu. Mkijenga uzee wa wawili juu ya pensheni ya mmoja, mnautegemea uhai wa mmoja.

Kinachochelewesha malipo ya walimu ni karatasi. Barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo, kitambulisho, PIN ya KRA, maelezo ya benki, hati ya mkuu wa shule kuwa hadaiwi kitu. Barua ya kuthibitishwa ndiyo hupotea, kwa sababu ya 1998 iliandikwa kwa taipu, ikawekwa kwenye sanduku la bati, mchwa wakaimaliza. Aitafute akiwa na 55, siyo 59 na miezi kumi. Aangalie pia jina: aliyeajiriwa kwa jina la baba na kitambulisho sasa kina jina la mume atazungushwa mpaka achoke. Jingine: mshahara ukiendelea kuingia kwa bahati mbaya mwezi mmoja au miwili baada ya tarehe ya kustaafu, asiutumie. Utakatwa kwenye mkupuo, na faili itasimama wakati wanahesabu.

Fundi_Kondele amejibu:

Mdhamini amepiga vyumba teke bila kueleza. Acha nieleze, kwa sababu vyumba si vibaya, ubaya ni kuviingia na pesa ya mwisho.

Tuseme vyumba nane vya 4,000. Kwenye karatasi ni 32,000 kwa mwezi. Toa chumba kimoja kisicho na mtu, maana daima kipo: 28,000. Kodi ya pango ni asilimia 7.5 ya mapato ghafi kwa mwenye kupata zaidi ya 288,000 kwa mwaka, na wewe uko 336,000, toa 2,100. Toa mtunza ploti, kuzibua choo, rangi kila mpangaji akihama, taa ya koridoni, land rates. Ukibaki na 20,000 umefanya vizuri. Hapo hujalipa mkopo.

Sasa udongo. Mamboleo kwenda Riat mwamba uko karibu, unachimba kidogo unagonga jiwe. Ukishuka Nyalenda na upande wa Kano ni udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi mpaka mguu unaingia, na mvua ikija unavimba. Ukijenga juu yake kwa msingi wa kawaida, mwaka wa pili unaona ufa unaanza kwenye pembe ya dirisha unapanda mshazari hadi kwenye lenta. Ukiuziba na plasta unarudi msimu ujao. Dawa ni kuuchimba wote utoke, ujaze marram ishindiliwe kwa tabaka, kisha zege yenye chuma. Huo msingi peke yake unaweza kumeza pesa uliyodhani itafika kwenye mabati. Ploti ya bei rahisi mara nyingi ni rahisi kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana hapa mjini unaona nyumba nyingi zimekwama kwenye lenta, nyasi zinaota ndani. Mkupuo uliisha. Kama unataka vyumba, jenga sasa ukiwa na mshahara, viwili viwili, msingi wa vyote nane ukishamwagwa mara moja. Usisubiri 60.

Mama_Sacco (Nakuru) amejibu:

Kaka Nyalenda, hujaulizwa kuhusu ule mkopo wa Sacco na ndio unaoweza kukuangusha ukitolewa ghafla. Siku mshahara unakoma, makato ya check-off, yale mwajiri anayokata na kupeleka Sacco, yanakoma. Sacco itasubiri kidogo, kisha itakata 240,000 kwenye 310,000 zako. Unabaki na 70,000 na uanachama uliokatika. Uliowadhamini nao ni hivyo hivyo: huwezi kutoa akiba yako huku ikiwa imefungwa kwa mkopo wa mwenzako.

Kwa hiyo: usichukue mkopo mwingine unaopita umri wa 58. Andika orodha ya kila uliyemdhamini, na salio la kila mmoja. Ofisi ya Sacco itakupa. Uanze kujiondoa mmoja mmoja kwa kuwaambia watafute mdhamini mbadala. Ukitaka kujitoa uanachama, notisi kwa kawaida ni siku 60. Na tofautisha akiba na hisa. Akiba unarudishiwa. Hisa za mtaji hazirudishwi, unazihamisha tu kwa mwanachama mwingine anayezinunua. Watu wengi hugundua hilo kaunta, wakiwa na haraka.

Mimi ningemaliza 240,000 kwanza kabla ya ile 5,000 ya hiari. Mdhamini atabisha.

Mdhamini_wa_Mfuko amejibu:

Sibishi sana. Kama mkopo ni wa asilimia 12 kwa salio linalopungua, kuulipa ni faida ya uhakika ya asilimia 12. Lakini mchango wa hiari unaanza na asilimia 30 ya ushuru siku ya kwanza. Agawanye: 3,000 hiari, nyingine mkopo. Fununu za kupunguzwa zikigeuka barua, asimamishe hiari, amalize mkopo. Mchango wa hiari unaweza kusimamishwa kwa kuiandikia HR, mkopo hausimami.

Nyalenda_B ameandika:

Asanteni sana. Nimeitoa taarifa ya NSSF. Ngazi ya pili iko kwa mfuko wa kampuni kama Karani alivyosema. Ila nina pengo la miezi saba mwaka 2011, mwajiri wa zamani ambaye sasa hayupo. Na nimeona kwenye fomu ya mfuko wa kampuni mrithi niliyemtaja ni mama yangu, niliijaza kabla ya kuoa. Je, nifanye nini? Pia niambieni, nikifika 60 huo mfuko unalipwa vipi, wote mara moja?

Mdhamini_wa_Mfuko amejibu:

Fomu ya mrithi badilisha wiki hii, HR wanayo. Pesa za pensheni haziingii kwenye mali ya urithi inayogawanywa na mahakama. Wadhamini ndio wanaoamua wakiongozwa na fomu hiyo. Fomu ya kabla ya ndoa huleta ugomvi wa mama mkwe na mke mbele ya meza yetu, na sisi tunabaki tunachunguza nani alikuwa anategemea nani huku ada ya shule ya watoto inasubiri. Andika majina kamili, nambari za vitambulisho, asilimia zijumlike 100. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 taja mlezi. NSSF wana fomu yao tofauti, ibadilishe pia.

Malipo yanategemea jina la mfuko. Uliza HR swali moja: wetu ni wa pensheni au ni provident? Wa provident unaweza kukulipa wote kwa mkupuo. Wa pensheni unakupa hadi theluthi moja kwa mkupuo, theluthi mbili zinakulipa polepole kwa njia moja kati ya mbili.

Ya kwanza ni anuiti. Unaikabidhi kampuni ya bima theluthi mbili, inakulipa kila mwezi hadi ufe. Ukishasaini hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo omba bei kwa kampuni zisizopungua tatu, siku moja, kwa masharti yale yale. Masharti yenyewe ndiyo yenye tofauti. Je, ukifa mke anaendelea kulipwa, na kwa kiasi gani? Kuna muda wa uhakika, kwa mfano miaka 10, ambao hata ukifa mwaka wa pili warithi watalipwa? Malipo yanapanda kila mwaka au yanabaki palepale? Isiyopanda huanza na kiasi kikubwa, inavutia, na baada ya miaka 12 ya bei kupanda asilimia 6 itanunua nusu ya ilichokuwa inanunua. Mke wako ana pensheni yake, kwa hiyo mnaweza kupunguza sehemu ya mwenza ili mpate inayopanda. Mtu mwenye mke asiye na kipato asithubutu.

Ya pili inaitwa drawdown. Salio linabaki likiwekezwa, wewe unachota kwa mwaka kisichozidi asilimia 15 ya salio, kwa muda usiopungua miaka 10. Kilichobaki ukifa ni cha warithi. Hatari yake iko wazi: ukichota asilimia 15 na mfuko unaleta 10, unakula mbegu. Chota 8 au 9. Miaka 10 ikiisha unaweza bado kununua anuiti, ukiwa na 70, na kwa umri huo shilingi ile ile inakupa malipo makubwa zaidi kwa mwezi.

Ile theluthi ya mkupuo, usiipe mtu yeyote kwa mwaka wa kwanza. Iweke bondi za serikali. Unafungua akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu mwenyewe kwa simu, na tawi la Benki Kuu lipo hapo hapo Kisumu ukikwama. Kiwango cha chini kwa bondi za kawaida ni 50,000. Milioni moja kwenye bondi ya asilimia 13 inaleta 65,000 kila miezi sita. Ikiwa ni ya miaka 10 au zaidi ushuru ni asilimia 10, unabaki na 58,500. Ya chini ya miaka 10 ni asilimia 15, unabaki na 55,250. Bondi ya miundombinu haikatwi kitu. Nunua mbili zinazolipa miezi tofauti, moja Februari na Agosti, nyingine Mei na Novemba, uwe na kitu kila robo mwaka. Usinunue ya miaka 20 kwa pesa utakayoihitaji miaka mitatu ijayo. Ukilazimika kuiuza sokoni wakati riba zimepanda, utauza kwa hasara.

Mama_Sacco (Nakuru) amejibu:

Na matibabu hamjayataja. Leo anakatwa SHIF (bima ya afya ya serikali) asilimia 2.75, yaani 1,870, mwajiri anapeleka. Siku ya kustaafu anahesabiwa kama asiye na ajira: anapiga *147#, anajaza maswali ya hali ya kaya, anapangiwa kiasi kisichopungua 300 kwa mwezi, na analipa cha mwaka mzima. Afanye hivyo mwezi ule ule. Wazee wa sukari na presha hawana nafasi ya miezi miwili bila kadi. Pia mfuko wenu ukiwa na sehemu ya matibabu baada ya kustaafu, michango hadi 15,000 kwa mwezi haitozwi PAYE, nje ya zile 30,000 za pensheni.

Karani_wa_Mishahara (Nakuru) amejibu:

Kuhusu 2011. Mwajiri kutokuwepo hakukumalizi. Miezi saba kwa 400 ni 2,800 tu, kwa hiyo ujue unapigania nini. Kama ni hiyo tu, jaribu mara moja kisha endelea na maisha. Lakini angalia kama hiyo miezi saba ndiyo mwanzo wa nambari nyingine ya NSSF, maana pengo linaloanza ghafla na kuisha ghafla mara nyingi si pengo, ni pesa iliyoandikwa kwa nambari nyingine.

Tafuta payslip hata tatu za kipindi hicho zenye nambari ya NSSF. Huna? P9 (fomu ya mwajiri ya mshahara na ushuru wa mwaka) ya mwaka ule, au taarifa ya benki inayoonyesha mshahara kuingia, na barua ya kuajiriwa. Piga nakala, nenda ofisi ya NSSF Kisumu na originali mkononi, waombe watafute kwa jina la mwajiri na miezi, wasitafute kwa nambari yako. Barua yako iwe na nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hiyo urudi nayo nyumbani.

Na ukitoka nje ya ofisi, kijana akikuambia anajua mtu ndani wa kuharakisha kwa 3,000 na anahitaji PIN yako ya tovuti, vuka barabara.